Aliyefungwa Ndiye Analipa

Ukutani kwenye kibanda changu cha gemu pale Namuwongo, mtaa wa Kampala, hatua chache kutoka kwenye reli, niliandika kwa rangi nyeupe: ALIYEFUNGWA NDIYE ANALIPA. Mechi moja shilingi 500, kila nusu dakika nne. Mkitoka sare mnagawana, ingawa sarafu ya hamsini ilikuwa imeshaanza kudharauliwa hata na watoto, kwa hiyo sare nyingi ziliishia kwenye penalti ili kelele zipungue.

Tangu wakati huo nimenunua na kuuza vitu vingi vya umeme: simu, chaja, dikoda, nyaya za kila aina. Sijakutana na bei iliyo wazi kama ile. Watu wawili wamekaa kwenye benchi, kumi wamesimama nyuma yao, mpira unaisha, aliyefungwa anatia mkono mfukoni. Hakuna anayeuliza analipia nini, maana kila mtu ameona. Akibisha, mashahidi wapo, tena wana midomo.

Nyaya na dikoda ni habari nyingine. Huko nimefungwa mara nyingi bila hata kujua kwamba mechi imeanza.

Nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa koplo, na nyumba yetu ya kwanza ilikuwa unipoti, kile kibanda cha bati cha duara ambacho mchana kinakuoka kama mkate na mvua ikinyesha hamsikilizani. Kambini mtoto wa Kiteso, wa Kiacholi, wa Kilugbara na wa Kisamia wote walitukanana kwa Kiswahili. Ukitoka nje ya geti ukakizungumza ndani ya teksi, mtu wa pembeni anavuta mkoba wake karibu, kwa sababu mjini Kampala Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na majambazi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na mimi nikacheka peke yangu.

Mwaka 2005 mjomba wangu aliyekuwa kyeyo, yaani kibarua wa ughaibuni, huko Marekani alimpa msafiri PlayStation 2 (PS2), mashine ya gemu, atuletee. Ilikuwa ile nene, nyeusi, nzito. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, na soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu. Nikakimbia dukani nikanunua adapta ya shilingi 2,000. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijiona injinia. Nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka, nikasikia "tap" kama mtu amevunja njugu, kisha harufu. Aliyewahi kuunguza kitu cha umeme anaijua harufu hiyo. Inakaa kwenye mapazia wiki nzima.

Mama alinipeleka kwa jirani wa upande wa nyumba za reli, mzee tuliyemwita Mzee wa Reli. Alikuwa fundi umeme wa reli tangu enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, kimenyooka, si hiki chetu cha kambini. Hakufungua mashine. Aliigeuza kwanza, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kibandiko cha nyuma: 120V.

"Soketi yetu inatoa 240, mjukuu wangu. Hiyo adapta imebadilisha meno, haikubadilisha umeme."

"Sikujua, mzee."

"Ungejuaje? Kitu cha umeme huandikwa ukweli mgongoni. Nyinyi mnasoma uso."

Alikuwa na PS2 nyingine iliyokufa, ya Uingereza, akang'oa pawa saplai yake akaiweka kwenye yetu. Ikawaka. Lakini picha ilikuja nyeusi na nyeupe, kwa sababu mashine ilitoa rangi kwa mfumo wa Kimarekani, NTSC, na televisheni yetu ilitaka PAL. Akabonyeza menyu ya televisheni mara tatu, akaiweka NTSC, na nyasi zikawa kijani. Mama alilia kidogo, nadhani kwa sababu ya fedha alizokuwa ameshajiandaa kulipa. Mzee alichukua 5,000 tu, ya pawa saplai.

Kwa miaka mitano nyumba yetu ilikuwa uwanja wa taifa. Tulicheza gemu ya mpira, Pro Evolution Soccer 6 (PES), kwa diski ya kuchoma, na aliyeishika Inter hakuruhusiwa kupiga shuti na Adriano akiwa nje ya boksi, kwa sababu kipa hakuwa na kazi yoyote pale. Konami, watengenezaji wake, hawakuwa na haki za majina ya klabu nyingi, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red. Nina rafiki, leo ni mwalimu huko Soroti, ambaye ligi ikianza bado ananiandikia "Merseyside Red wanacheza saa ngapi?"

Kibanda nilifungua mwaka 2016. PS4 mbili zilizotumika, kutoka kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo ya Dubai, televisheni mbili za inchi 32, mabenchi mawili, na feni iliyopuliza upande wa mwenye nyumba zaidi kuliko upande wetu. Namuwongo ni mahali pazuri kwa Kiswahili. Kuna Wakongo, kuna watu wa kaskazini, kuna Wakenya, kuna sisi watoto wa kambi, na mechi kati ya mtu wa Bukavu na mtu wa Kitgum haiwezi kuamuliwa kwa Kiluganda.

Sasa niseme maoni yangu kuhusu PES na mpinzani wake, gemu ya FIFA ya kampuni ya EA, maoni ambayo yameshanigombanisha na watu: PES ilikuwa mpira, FIFA ilikuwa televisheni. Katika PES pasi mbaya ilikuwa mbaya, mpira ulikuwa na uzito. FIFA ilikuwa na majina ya kweli, jezi za kweli na watangazaji, na wateja wangu walitaka jezi za kweli. Nikaweka FIFA, nikalia kimoyomoyo, nikahesabu sarafu.

Shida ya kwanza ilikuwa vidole. Kwenye PES mraba ni shuti na duara ni krosi. Kwenye FIFA ni kinyume chake: duara ndiyo shuti, mraba unainua mpira. Mtu aliyecheza miaka kumi vidole vyake vimeshaapa. Kulikuwa na Mkongo mmoja, mtu mzima, fundi cherehani, tuliyemwita Papa. Amebaki yeye na kipa tu, uwanja mzima umesimama, anabonyeza mraba, na mpira unaelea kwa upole kwenda kwenye kona isiyo na mtu.

"Mi napiga goli, yeye anapiga krosi! Hii pedi iko na mchawi?"

"Papa, badilisha kwenye mipangilio."

"Mimi nibadilishe? Ibadilike yeye!"

Alilipa shilingi 500 nyingi kabla ya vidole kukubali. (Ndiyo, kile kidude cha mkononi cha kuchezea tulikiita pedi. Siku moja nilipiga kelele nje kwamba pedi zote mbili zimeharibika na kina mama wa mboga walicheka mpaka jioni.)

Pedi zilinifundisha zaidi ya kitu chochote pale ndani. Watu wanadhani mashine ndiyo itakayokufa kwanza. PS4 zangu zilidumu miaka minne nikizisafisha vumbi kila mwezi kwa brashi ya rangi. Kilichokufa ni R2, kitufe cha kukimbia, kwa sababu hakuna kijana wa Namuwongo anayetembea na mpira. Anakibonyeza tangu refa anapopuliza kipenga mpaka mwisho, kwa nguvu, kana kwamba akibonyeza zaidi mchezaji atakimbia zaidi. Ndani kuna kispringi kidogo kinachochoka. Ugonjwa wa pili ni kijiti cha kushoto kuvuta chenyewe. Chini yake kuna kipande chenye mstari wa kaboni ambao unasuguliwa kila unapokizungusha. Ukikwanguka, pedi inadhani umekisukuma hata ukiwa umeiweka mezani. Beki wako anaondoka golini peke yake kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Nilijifunza kubadilisha vyote viwili kwa kisu cha wembe na chuma cha kulehemu, na kwa hesabu yangu pedi iliyotengenezwa mara tatu bado ilikuwa nafuu kuliko pedi bandia mpya, ambayo kwangu haikumaliza hata miezi miwili.

Na kila Septemba gemu mpya. Jezi mpya, nywele mpya za wachezaji, na wateja wanahamia kwa jirani kama wewe bado una ya mwaka jana. Baadaye hata majina yenyewe yalibadilika: PES ikawa eFootball mwaka 2021, ya bure kuipakua, na EA wakaachana na jina la FIFA, wakaanza EA Sports FC mwaka 2023. Mimi nilinunua mwaka mmoja nikaruka mwaka mmoja. Diski tu, siyo kupakua. Gemu ya gigabaiti hamsini kwa bando la Uganda ni wazimu, na hata hivyo mtandao wa PlayStation hauna Uganda kwenye orodha ya nchi zake. Watu hujisajili kama wakazi wa Uingereza au Afrika Kusini. Diski ina faida nyingine: ukiichoka, unaiuza.

Sasa waya.

Mwaka 2017 picha ya televisheni ya pili ilianza kukatikakatika. Inapotea sekunde mbili, inarudi, na ikipotea wakati wa penalti, wewe mwenye kibanda ndiye unayelaumiwa. Nikasema ni waya wa HDMI, ule unaotoa picha kwenye mashine kupeleka kwenye televisheni. Nikapanda boda mpaka mjini, nikaingia duka lenye milango ya vioo na kiyoyozi. Kijana wa pale alikuwa na adabu sana. Alinitolea boksi jeusi, ndani yake waya umesukwa kwa nyuzi kama kamba ya kiatu cha bei, ncha zake zinang'aa kwa dhahabu.

"Hii ni 4K, bosi. Rangi zitaiva."

Zitaiva! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nikatoa shilingi 120,000. Hiyo ni mechi 240. Mtu afungwe mara 240 pale kwenye benchi langu ili mimi nipate ule waya.

Nikarudi, nikachomeka, wateja wakanyamaza kuangalia rangi zinavyoiva. Picha ikaja. Ilikuwa ileile. Baada ya dakika tano ikakatika kama zamani.

Nilimfuata Mzee wa Reli, ambaye sasa alikuwa mzee kwelikweli, akitembea kwa fimbo, lakini alikubali kubebwa na boda kuja Namuwongo. Hakuutazama waya. Aligeuza televisheni, akasoma kibandiko, akanisomea kwa sauti mbele ya watu: pikseli, yaani vidoti vya picha, 1366 kwa 768. "Hii hata 1080 haijafika, na wewe umeinunulia barabara ya magari manne." Kisha akaniuliza hiyo mashine inatoa nini. PS4 ya kwanza, ile ya mwaka 2013, kwenye gemu inaishia 1080. Kwa hiyo upande mmoja hauwezi kutuma 4K, picha yenye vidoti mara nne ya hiyo 1080, upande wa pili hauwezi kupokea, na mimi nimenunua kinachopita katikati.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye tundu la PS4. Watoto walikuwa wakivuta mashine kusogeza, na meno mawili ndani ya tundu yalikuwa yamepinda. Aliyanyoosha kwa sindano akitumia tochi ya simu yangu. Kisha akachukua waya mwembamba mweusi uliokuja na televisheni ndani ya boksi, ule ambao dukani ni elfu kumi, akachomeka. Picha ileile, haikatiki.

Ninakumbuka nilivyobisha. Nilimwambia kwamba zamani, kwenye PS2, waya mzuri ulileta tofauti, nimeona kwa macho yangu. Akakubali. Ule wa njano, nyekundu na nyeupe ulibeba picha kama mawimbi, na kila uchafu wa njiani ulionekana kwenye skrini: vivuli, mistari, rangi iliyopauka. HDMI inabeba namba. Namba ama zimefika ama hazijafika. Zikipotea chache unaona vidoti vinavyometameta, zikipotea nyingi skrini inazima. Hakuna namba moja iliyofika ikiwa na rangi zaidi ya nyenzake. Dhahabu ya kwenye ncha inazuia kutu, hilo ni kweli, na iliyopakwa pale ni nyembamba kiasi kwamba huwezi kumhonga nayo hata mtoto.

Haina maana kwamba nyaya zote ni sawa, na hapa nawapinga wale wanaosema chukua ya bei ya chini kabisa siku zote. Ukitaka 4K ya picha 60 kwa sekunde, waya lazima upitishe gigabiti 18 kila sekunde, na kwa mita mbili waya wa kawaida ulio mzima unaweza, lakini kwa mita kumi za kwenda kwenye projekta ya kanisani wa bei rahisi utakuaibisha Jumapili. Waya wa chaja nao ni jambo zito. Huko kinachopita ni umeme wenyewe, na shaba ikiwa nyembamba, au ikiwa siyo shaba bali alumini iliyopakwa shaba, umeme unapotelea njiani kuwa joto. Simu inaandika "inachaji" na asubuhi iko asilimia 40. Kuna nyaya za USB-C zinazofanana kama mapacha, huu wa wati 60, ule wa wati 240, na wauzaji wengi hawawezi kukutofautishia. Hapo toa pesa kidogo zaidi. Kwenye HDMI ya mita moja na nusu ya kibanda, usinitolee habari za kuiva.

Nilimlipa Mzee wa Reli 20,000. Alirudisha kumi.

Dikoda ilianza kabla ya hapo. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village pale Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliuawa wakitazama mpira. Kabalagala si mbali na kambi. Baba alirudi kesho yake jioni, akavua viatu, akakaa. Mwezi uliofuata alileta dishi kwa mkopo wa chama cha akiba na akasema maneno machache: "Mpira mtautazama hapa."

Kwa hiyo sikuwahi kuiona dikoda kama anasa. Ilikuwa ukuta. Na kwa sababu nyumba za kambini zimebanana, ule ukuta tuligawana. Fundi alitoa waya mweupe wa koaksi nyuma ya televisheni yetu, akaupitisha juu ya paa, akagawa kwa nyumba mbili za jirani. Nyumba tatu, dikoda moja, kila mwezi kila nyumba inatoa theluthi. Tatizo ni kwamba rimoti ni moja na iko kwetu. Mama akitaka tamthilia, nyumba tatu zinatazama tamthilia. Utasikia ukuta unagongwa: "Afande! Mpira umeanza!" Na mama kwa sauti ya kuwatosha wote: "Nimelipa na mimi!"

Mambo yalivyokwenda nikaja kuwa mlipaji mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa dakika unayolipa. Umeme ukikatika zinahesabiwa. Upepo ukigeuza dishi zinahesabiwa. Ukienda kijijini kuzika zinahesabiwa. Mwezi mmoja nilipiga hesabu kwa daftari la kibanda: kati ya chaneli zaidi ya 80 za kifurushi nilichonunua, nilifungua sita. Mojawapo niliifungua kwa kukalia rimoti. Mwezi uliofuata mechi niliyoitaka ilikuwa imehamishiwa kifurushi cha juu, na dada wa simu alinieleza kwa upole kwamba ninaweza "kupanda". Siku zote ni kupanda. Sijawahi kuambiwa ninaweza kushuka.

Nawaelewa upande mmoja. Haki za ligi ya Uingereza hununuliwa kwa fedha za kigeni na sisi tunalipa kwa shilingi, na shilingi ikiteleza lazima mtu abebe. Lakini kwamba haiwezekani kuuza kwa siku, hilo silikubali. Kampuni za simu hapa Uganda zinakuuzia intaneti ya siku moja, hata ya saa. Kampuni moja ya dikoda nayo huuza kwa siku na kwa wiki. Mtu wa Namuwongo analipwa jioni. Mpe bei ya jioni.

Kuna kosa langu pia na nisilifiche. Kibandani niliweka dikoda ya kadi ya nyumbani, nikatoza kiingilio cha shilingi 1,000 kwa mechi kubwa. Kifurushi cha nyumbani si cha biashara, imeandikwa kwenye masharti, na mimi mwanafunzi wa Mzee wa Reli sikuisoma migongo ya karatasi. Walikuja vijana wawili wenye fulana za kampuni, Jumamosi, dakika ya sitini. Walikata, wakaandika, wakaondoka, na mimi nikarudisha viingilio arobaini na tatu. Papa alikataa kurudishiwa chote. Alisema ameona dakika sitini, atalipia dakika sitini. Akaniachia mia sita, akahesabu kwa vidole kuhakikisha.

Nimefikiria mara nyingi juu ya zile mia sita nikilinganisha na kodi. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii kwenye simu. Tulipiga kelele, tulipakua VPN za kuikwepa, tuliingia barabarani. Mwaka 2021 ikafutwa, badala yake ikaja asilimia 12 juu ya intaneti. Kelele zikapungua sana. Ile ya 200 ulikuwa unaibonyeza mwenyewe kila asubuhi, uchungu ukiwa bado mpya. Hii imo ndani ya bando, huioni, na kwa mtu kama mimi anayetumia data nyingi inakula zaidi.

Kibanda kilifungwa Machi 2020 pamoja na kila kitu. Shule zilikaa hazijafunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, na wewe ungedhani watoto bila shule ni bahati kwa mwenye gemu. Mikusanyiko ilikatazwa, kafyu ilianza saa moja jioni, na baba yangu alikuwa polisi. Niliuza PS4 moja ili nilipe kodi ya chumba ambacho hakikuingiza hata mia, kisha nikauza ya pili. Kuta nilipaka upya. Yale maandishi meupe yalitokeza chini ya rangi ya mwenye nyumba mara mbili kabla hayajakubali kufutika.

Mzee wa Reli alifariki 2021. Tulizika watu wachache kama ilivyoamriwa.

Sasa niko mjini, ndani ya duka ambalo tumegawana watu wanne, kila mtu na kioo chake cha kuonyeshea bidhaa. Changu kina chaja, nyaya, pedi na rimoti. HDMI ya mita moja na nusu nauza 15,000, na ile ya kusukwa yenye ncha za dhahabu ninayo pia, moja tu, nimeitundika juu. Nikiwa sina hiyo ya juu, watu hawaamini ya chini. Nimejaribu.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, nesi kwa sare yake, akataka "ile ya dhahabu, ya mtoto wa gemu". Nikamwomba apige simu nyumbani mtoto asome nyuma ya televisheni. Alinitazama kama mtu aliyeombwa namba ya siri ya benki, lakini akapiga. Mtoto akasoma namba moja moja: 1366, 768. Nikamshushia ya 15,000. Akatoka nayo mkononi bila kulipa mpaka kioo cha tatu, nikamwona akiwaonyesha, akarudi.

"Wale wanasema hii ni ya kuungua."

"Mama, chukua. Ikikataa, nalipa mimi."

Akaandika namba yangu. Saa mbili usiku simu ikalia, sauti ya mtoto, nyuma yake nasikia kelele za uwanja. Moyo ukanilipuka kidogo.

"Anko, waya unafanya kazi. Mama amesema unatengeneza na pedi?"

"Imefanya nini?"

"R2 imelegea."